Mashine ya kufulia ikigoma kujaza au kumwaga maji

Mashine ya kufulia ina kazi mbili za maji: kuyaingiza na kuyatoa. Katikati ya kazi hizo kuna kitu cha tatu ambacho wengi hawakijui, nacho ni kile kinachopima maji yamefika wapi. Hitilafu nyingi tunazoitiwa majumbani hapa Dar es Salaam ziko kwenye mambo hayo matatu, na sehemu kubwa yake imesababishwa na nyumba yenyewe: tangi limewekwa chini mno, mpira wa kutolea maji umelazwa sakafuni, au maji yana mchanga. Ndiyo maana inauma sana kukuta mtu ameuziwa bodi mpya (saketi inayoongoza mashine) kwa ajili ya mashine iliyohitaji kusafishwa chujio tu.

Mashine za kisasa huandika hitilafu kwenye kioo. Kwenye LG, IE ni maji hayaingii na OE ni maji hayatoki. Samsung huandika 4C au 4E kwa kujaza, 5C au 5E kwa kumwaga. Bosch nyingi hutumia E17 na E18. Herufi hizo zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu hazitaji kifaa kilichokufa. Zinasema tu kwamba mashine ilisubiri maji yafike kiwango fulani, muda ukaisha hayajafika. Au ilisubiri yaishe, muda ukapita bado inaamini yapo. Valvu, yaani mlango wa umeme unaofungulia na kufungia maji yanayoingia, inaweza kuwa nzima kabisa na bado ukapata IE, na pampu nzima kabisa inaweza kutoa OE. Fundi anayesoma OE na papo hapo kufungua mkoba wa pampu hajaanza kazi bado.

Tuanze na kujaza, maana huku kwetu ndiko kwenye matatizo mengi.

Mwangalie anayelalamika kwamba mashine yake "ina siku zake". Leo inafua vizuri, kesho inakaa robo saa ikitiririsha maji kidogo kidogo halafu inaonyesha kosa. Swali la kwanza la kumuuliza ni maji yanatoka wapi na tangi liko juu kiasi gani. Kila mita 1 ya kimo cha maji inatoa presha ya karibu baa 0.1 (baa ni kipimo cha presha), basi. Chukua simtanki iliyo juu ya stendi ya mita 3, ndani ina maji ya kimo cha mita 1. Valvu ya mashine iko nyuma, juu, kama sentimita 90 kutoka sakafuni. Uso wa maji uko mita 3.1 juu ya valvu, kwa hiyo presha ni baa 0.31. Tangi likikaribia kuisha inabaki baa 0.21. Sasa soma kibandiko cha nyuma ya mashine au kitabu chake: nyingi zinataka kuanzia baa 0.3 au 0.5, na zipo zinazotaka baa 1. Mara nyingine imeandikwa kwa MPa, ambapo 0.05 MPa ni sawa na baa 0.5. Kwa mashine ya baa 0.5, uso wa maji unapaswa kuwa karibu mita 6 juu ya sakafu ambayo mashine imesimama. Nyumba ngapi za kawaida zina stendi ya kimo hicho? Hapo ndipo zinapotoka hizo "siku zake": tangi likijaa inafua, likishuka nusu inagoma.

Kipimo cha kuthibitisha hakihitaji kifaa chochote zaidi ya ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Funga koki, fungua mpira upande wa mashine, uelekeze kwenye ndoo, kisha fungua koki yote. Jambo moja hapa huharibu kipimo: ndoo iwekwe juu ya stuli au meza ili mdomo wa mpira ubaki kwenye kimo cha valvu. Ukiushusha mpaka sakafuni unajiongezea karibu mita nzima ya presha ambayo mashine haiipati, na utadanganyika kwamba maji yapo ya kutosha. Mtiririko wa lita 8 kwa dakika ni mzuri, yaani ndoo ijae kwa dakika 1 na robo hivi. Ikichukua dakika 3 au 4, usifungue mashine. Shida iko kwenye tangi, bomba, koki au mpira.

Tiba ni kuinua tangi au kufunga pampu ndogo ya presha inayojiwasha koki inapofunguliwa. Pampu hiyo ifungwe kwenye bomba linalotoka kwenye tangi, isivute moja kwa moja kwenye bomba la mtaani, kwa sababu ikivuta wakati wa mgao inaweza kunyonya uchafu kupitia kila kiungo kinachovuja njiani. Wapo mafundi wanaotoa kile kipande cha raba cha kupunguza kasi kilicho ndani ya mdomo wa valvu ili maji ya tangi yapite zaidi. Inasaidia, kweli, lakini siku nyumba ikiunganishwa na maji yenye presha kubwa, droo ya sabuni itafurika. Mimi siipendi njia hiyo, labda kwa nyumba ambayo itaishi na maji ya tangi siku zote, na mwenye nyumba aambiwe wazi.

Mtiririko ukiwa mzuri kwenye ndoo lakini mashine haijazi, nenda kwenye chujio la valvu. Ni kikombe kidogo cha plastiki chenye matundu madogo, kimekaa ndani ya ule mdomo wenye nyuzi za robo tatu inchi ambapo mpira hufungwa. Kishike kwenye kile kijino cha katikati kwa plaisi ya mdomo mwembamba, uvute polepole bila kukipinda. Maji ya kisima huacha ganda jeupe, maji ya boza huacha tope la kahawia, na baada ya mabomba kukaa makavu muda mrefu hujaa vipande vya kutu. Sugua kwa mswaki wa zamani chini ya maji. Ganda gumu liloweke kwenye siki usiku kucha. Kisha angalia na upande wa pili wa mpira, kule kwenye koki, kwa sababu mipira mingine ina chujio la pili ambalo watu hulisahau. Kukaa bila chujio kwa kuwa "linazuia maji" ni kuikaribisha hitilafu kubwa zaidi, ambayo ni valvu isiyofunga.

Ili kuielewa hiyo, lazima ujue valvu inavyofanya kazi. Koili ya umeme haina nguvu ya kuyazuia maji yote. Inachofanya ni kuvuta kipini kidogo na kufungua tundu jembamba katikati ya raba bapa. Presha ya juu ya raba inashuka, presha ya chini inaiinua, maji yanapita. Umeme ukikatika, kipini kinaziba tundu la kati, maji yanapenya kwenye tundu jingine dogo sana la pembeni, yanajaa juu ya raba na kuisukuma chini ifunge. Kumbe presha ya maji yenyewe ndiyo inayofunga valvu! Chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye tundu la pembeni au chini ya raba, valvu haifungi tena. Na presha ikiwa ndogo mno, raba haisukumwi vya kutosha, maji yanaendelea kudondoka ndani ya mashine hata ikiwa imezimwa. Asubuhi unakuta maji ndani ya ngoma (ile inayozunguka na nguo) na hakuna aliyefua.

Kwa hiyo mashine ikijaza bila kukoma, fanya jaribio hili kabla ya jingine lolote: maji yakiwa yanaingia, chomoa plagi ukutani. Yakiendelea kuingia, valvu imekwama kwa uchafu au raba imechoka. Funga koki, badilisha valvu. Yakikoma, valvu ni nzima. Inafunguliwa na bodi, ama kwa sababu bodi yenyewe imeharibika, ama kwa sababu inaambiwa kwamba maji hayajafika. Jaribio la sekunde tano linakuondolea nusu ya mawazo.

Koili hupimwa kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme), plagi ikiwa imechomolewa na waya zake zimetolewa. Valvu nyingi za volti 220 hadi 240 husoma ukinzani wa kati ya omu 3,500 na 4,500, baadhi zaidi kidogo. Mita isiposoma chochote, koili imekatika. Umeme mdogo nao una lawama zake: volti zikishuka sana koili inavuma lakini kipini hakinyanyuki, na mtu anadhani valvu imekufa.

Lipo kosa jingine ambalo kila mmoja hulihesabu kama la kujaza, kumbe ni la kumwaga. Mashine inaingiza maji vizuri, unayasikia kabisa, lakini hayafiki kiwango, na baada ya muda inaandika IE. Ukienda nyuma unakuta mpira wa kutolea maji umelazwa sakafuni, umeelekezwa kwenye tundu la maji la bafuni. Kwa mashine ya mlango wa mbele hilo ni kosa. Pampu ya kumwaga ikiwa imezimwa haifungi njia. Maji hupita katikati ya mabawa yake kama kawaida. Mpira ukiwa chini, kila lita inayoingia juu inatoka chini. Mpira lazima upandishwe kwanza, kimo cha sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni, ndipo ushuke. Kile kishikizo cha plastiki chenye umbo la ndoano kinachokuja kwenye katoni, ambacho watu hukitupa pamoja na maboksi, kazi yake ni hiyo. Kuna pia klipu nyuma ya mashine inayoushika mpira juu; usiutoe pale ili upate urefu wa kufikia bafuni.

Mdomo wa mpira nao una masharti yake. Usizamishwe ndani ya maji, na usifungwe kwa utepe ukaziba kabisa mdomo wa bomba la maji machafu. Lazima hewa ipite pembeni, la sivyo mpira ukishajaa utaendelea kuvuta maji hata pampu ikizimwa. Bomba la kupokelea liwe la inchi 1.5 hivi, na mpira uingie kama sentimita 15 tu. Wengi wetu hukinga maji ya kufulia kwenye pipa ili kudekia au kumwagia chooni, na ni jambo zuri maji yakiwa ya shida. Lakini mpira uning'inie juu ya pipa, mdomo usiguse maji. Ukizama, maji machafu ya pipa yanaweza kurudi ndani ya mashine juu ya nguo safi.

Sasa kumwaga. Mashine imesimama na maji, nguo zimelowa, mlango umejifunga. Sikiliza kabla ya kushika bisibisi. Weka programu ya kukamua tu, sogeza sikio upande wa chini kulia, ambako pampu hukaa kwenye mashine nyingi. Mvumo mzito bila maji kutoka maana yake pampu inapata umeme lakini imekwama au njia imeziba. Mlio wa kokoto ni sarafu au kifungo kinachogongwa na mabawa. Kimya kabisa ni koili iliyokatika, waya uliochomoka, au bodi isiyotuma umeme. Na pampu ikilia vizuri huku maji yakitoka membamba, angalia mpira uliojikunja nyuma baada ya mashine kusukumwa ukutani, au mpira uliorefushwa kwa vipande vya kuunga mpaka pampu ikachoka.

Chujio la pampu lifunguliwe hivi. Chomoa plagi. Kama ilikuwa inafua kwa maji ya moto, subiri yapoe, maana maji ya nyuzi 60 au 90 yatakuunguza mkono. Tandika taulo kuukuu, weka sinia pana lenye kingo fupi, kwani beseni la kawaida haliingii chini ya kile kilango. Mashine nyingi zina kimpira chembamba chenye kizibo pembeni ya chujio. Kivute nje, umwage maji kwa awamu, ukiziba na kumwaga sinia. Andaa uvumilivu, kwani lita 10 au 20 zinaweza kuwa mle ndani. Yakiisha ndipo uzungushe chujio kinyume cha saa, polepole, robo kwa robo.

Kinachotoka kinajulikana: shilingi mia mbili, pini za hijabu, chupio za nywele, waya wa sidiria, soksi ya mtoto mchanga iliyojikunja kama kidole, na juu ya vyote ute mweusi wa sabuni na nyuzi za nguo. Kuliosha chujio hakutoshi. Mulika tochi ndani ya tundu lake, utayaona mabawa ya pampu kule nyuma. Yasukume kwa kijiti. Pampu nyingi za sasa zina sumaku ndani, kwa hiyo mabawa mazima hayazunguki laini. Yanakwenda kwa kurukaruka, yanashika, yanaachia. Watu wengi hudhani kurukaruka huko ni ugonjwa na kununua pampu mpya. Ugonjwa ni mabawa yanayozunguka ovyo bila kushika popote, yanayochezacheza huku na huku, au yasiyosogea kabisa. Angalia pia nyuma ya mabawa, kwenye shina, ambako nywele na nyuzi hujisokota mpaka zikabana. Zitoe kwa kibanio chenye ncha, moja moja.

Koili ya pampu za aina hiyo husoma takriban omu 100 hadi 200. Zile za zamani zenye koili kubwa ya wazi husoma chini zaidi, makumi tu ya omu, kwa hiyo usizilinganishe. Pampu ikiwa nzima na chujio safi lakini maji bado hayatoki, kizuizi kiko kabla ya chujio, kwenye ule mpira mnene wenye mikunjo unaotoka chini ya pipa la mashine. Soksi hupenda kukwama pale. Mwaga maji yote, ilaze mashine taratibu juu ya godoro kuukuu, legeza klipu na uingize vidole. Kwenye baadhi ya mashine kuna mpira mdogo wa duara unaoelea humo ndani, umewekwa na kiwanda kwa makusudi. Usiutupe.

Povu nalo huzuia kumwaga. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi, na pampu haiwezi kusukuma povu inavyosukuma maji. Kwa mashine ya kilo 7, vijiko 2 vya chakula vya sabuni ya mashine vinatosha nguo za kawaida.

Nimekiacha mwisho kile kitu cha tatu kwa sababu ndicho kinachowapotosha mafundi wengi. Chini, ubavuni mwa pipa, kuna chumba kidogo cha hewa, na kutoka hapo mpira mwembamba mweusi hupanda hadi kwenye kihisi kilicho juu ya mashine. Maji yakipanda ndani ya pipa yanabana hewa kwenye mpira, hewa inasukuma kihisi, na bodi inajua maji yamefika wapi. Hakuna maji yanayofika kwenye kihisi. Ni hewa tu. Ute wa sabuni ukiziba mdomo wa chumba hicho baada ya mashine kujaa, hewa inabaki imebanwa hata maji yakiisha. Ngoma ni kavu, pampu inalia hewa tupu, mashine haikamui, na kioo kinaandika OE au 5C. Ute huo ukiziba kabla ya mashine kujaa, au mpira ukitoboka pale unaposuguana na bati, hewa haibanwi, na mashine inajaza mpaka ifurike.

Chomoa umeme, fungua mfuniko wa juu, ambao mara nyingi una skrubu mbili kwa nyuma, na uufuate mpira huo. Utoe kwenye kihisi, upulize kwa mdomo kuelekea kwenye pipa: njia ikiwa wazi hewa inapita bila kizuizi, na kama kuna maji kidogo chini utasikia mapovu. Ikigoma, toa chumba cha hewa chenyewe, ukioshe kwa maji ya vuguvugu na mswaki. Usitumie kabisa hewa ya kompresa mpira ukiwa bado umeungwa na kihisi, utakipasua. Kutafuta tundu, zamisha mpira kwenye beseni, ziba upande mmoja, puliza upande wa pili, utaona vipovu. Unaporudisha, pipa liwe tupu kabisa. Ukiunga mpira maji yakiwemo, kihisi kitachukua kiwango hicho kama sifuri, na mashine itajaza kupita kiasi ingawa kila kifaa ni kizima.

Mashine za mfuniko wa juu zina utaratibu wao. Nyingi hazina pampu; maji hushuka yenyewe pale mota ndogo inapovuta valvu ya chini. Kwa hizo mpira unatakiwa kulala chini, na ukiupandisha juu ya kizingiti tu maji yanabaki ndani. Kifungo au uzi ukikaa kwenye raba ya valvu hiyo, maji yanavuja wakati wa kufua na mashine inaongeza mengine kila mara. Mota hiyohiyo ndiyo huachia ngoma ikamue, kwa hiyo isipovuta utapata malalamiko mawili kwa mpigo: haimwagi na haikamui. Zile za mapipa mawili, zenye vitasa vya kuzungusha kwa mkono, ni rahisi zaidi: kitasa cha kumwagia huvuta kamba au waya unaoinua raba. Fungua kifuniko cha nyuma, zungusha kitasa, utazame kama raba inanyanyuka.

Ukienda Kariakoo kununua pampu au valvu, nenda na ile ya zamani mkononi. Pampu zinafanana kwa mbali lakini zinatofautiana kwa namna ya kujishika: nyingine kwa skrubu tatu, nyingine kwa meno ya kuzungusha. Soketi za waya pia ni tofauti. Kwa valvu, hesabu matundu ya kutolea maji na uangalie kama yananyooka au yamepinda.

Baada ya kufunga kila kitu, mimina lita 1 ya maji kwenye droo ya sabuni na uweke karatasi kavu chini ya chujio. Ikilowa, fungua tena, futa raba ya chujio, kwani uzi mmoja tu chini yake unatosha kuvujisha. Kisha endesha programu fupi bila nguo, kilango cha chini kikiwa wazi, na ukae hapo hadi maji ya mwisho yatoke.